Thawabu na Ujira

Ami yangu mmoja, mkazi wa Ibra, ana jeraha la mguu lisilotaka kupona. Kisukari kimemkaa miaka mingi, na kila Ijumaa baada ya sala binti wa ndugu yangu, ambaye ni muuguzi katika hospitali iliyo mbali na mji wetu, humfungulia bendeji, akamsafisha, akamfunga upya. Kazi hiyo huifanya barazani, mbele ya watu, huku kahawa ikizunguka na tende zikiliwa, na mazungumzo yakitoka Kiarabu kwenda Kiswahili na kurudi, kama ilivyo katika nyumba nyingi za Sharqiya ambazo wazee wake walizaliwa Unguja au Tabora. Ijumaa moja binti huyo alitaja, bila ya kupaza sauti, kwamba nyongeza aliyoisubiri kwa miaka imekuja, na ilipokuja haikutosha hata kufidia kodi ya nyumba iliyopanda. Ami akamtazama kwa huruma ya kweli, akamwambia: "Mwanangu, kazi yenu ni ya thawabu. Malipo yenu yako kwa Mola." Binti akamaliza kufunga fundo la bendeji, kisha akajibu kwa adabu: "Inshallah, babu. Ya Mola atanilipa Mola. Ninayomdai mwajiri ni yake mwajiri."

Baraza lilinyamaza, halafu mtu mmoja akaanza habari ya mvua. Mimi sikuweza kuyaacha maneno yale. Ami hakuwa na nia mbaya. Alisema jambo ambalo sote tumelisema kwa muuguzi, kwa daktari, kwa mkunga. Na binti hakumvunjia heshima. Lakini kati ya kauli mbili zile limo swali la maadili ambalo tunalikwepa kwa maneno mazuri: je, kazi ambayo ndani yake mna thawabu na sifa inadaiwa ujira mdogo kuliko kazi isiyo na hayo? Na ikiwa jibu ni la, kwa nini twaishi kana kwamba ni ndiyo?

Swali hili lina uzito maalumu kwa watu wetu. Wazee wetu waliotoka Sharqiya na Dakhiliya kwenda Afrika Mashariki, na watoto wao waliorudi baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 na hasa baada ya mwaka 1970, walirudi katika nchi ambayo hospitali zake zilihesabika kwa vidole. Hospitali ya wamisionari wa Kimarekani kule Matrah ilikuwa imebeba kwa miongo mzigo ambao ungestahili kubebwa na dola nzima. Miongoni mwa waliorudi walikuwamo waliosoma shule za Unguja, Dar es Salaam na Nairobi, na elimu hiyo iliwaingiza maofisini, madarasani na hospitalini. Baadaye vyuo vya uuguzi vikafunguliwa mikoani, Ibra, Suri na Nizwa zikiwamo, na mabinti ambao bibi zao walizalishwa nyumbani kwa taa ya mafuta wakawa wauguzi wenye vyeti. Shirika la Afya Duniani lilipozilinganisha nchi 191 katika ripoti yake ya mwaka 2000, Omani ilitajwa ya 8 kwa utendaji wa jumla, na ya kwanza kwa namna ilivyogeuza uwezo wake kuwa afya ya watu. Tunaitaja nafasi hiyo kwa fahari. Ni haki kuitaja. Na ni haki pia kukumbuka kwamba ilipatikana kwa mikono ya watu, wengine wazaliwa wa hapa, wengine waliotoka India na Ufilipino, waliokesha usiku ilhali sisi tumelala.

Tuichukue sasa hoja ya ami kwa insafu, kwa kuwa ina sura tatu, na kila sura ina ukweli wake.

Sura ya kwanza ni ya wito. Uuguzi, husemwa, si kazi kama kazi nyingine. Anayeufanya kwa ajili ya fedha haufai. Kwa hiyo mshahara mnono utavuta wasiofaa, na mshahara mdogo utawabakisha wenye moyo. Nakubali kwamba moyo ni sharti. Muuguzi asiye na huruma ni hatari hata akiwa na ujuzi. Lakini kutoka hapo hadi kwenye mshahara mdogo pana shimo, na hoja hii hulirukia tu bila ya kulijengea daraja. Thawabu haimo katika hazina ya mwajiri. Hakuitoa yeye, hawezi kuiongeza wala kuipunguza, na hajui ameandikiwa nani. Sasa vipi ataihesabu kama sehemu ya malipo yake? Mtu anayekudai riali 10, ukimwambia kwamba jirani yako tajiri atampa zawadi na kwa hiyo wewe utalipa 6, atakuona umepungukiwa na akili. Zawadi ya jirani ni baina yake na jirani. Deni lako limebaki palepale.

Wanazuoni wetu walilipitia swali hili zamani, na walilipitia kwa kazi iliyo karibu na ibada kuliko uuguzi. Kila aliyesoma hadithi anakijua kisa cha masahaba waliokuwa safarini, wakafika kwa kabila lililowanyima ukarimu. Mkuu wa kabila akaumwa na mdudu mwenye sumu, wakaombwa msaada. Mmoja wao akakubali kumsomea, lakini kwa sharti la malipo, akamsomea Alhamdu, mgonjwa akainuka, na kundi la kondoo likatolewa. Hapo wenzake wakasita: je, yafaa kula ujira wa jambo kama hili? Waliporejea Madina, Mtume aliwaafiki, akataka naye agawiwe fungu. Nadhani fungu lile lilikusudiwa kuondoa haya. Aliyetibu kwa maneno matukufu kuliko yote hakuambiwa kwamba utukufu wa maneno umemlipa.

Kuna mfano wa pili, nao ni wa utawala zaidi kuliko kisa. Wanazuoni wa mwanzo wa madhehebu ya Hanafi walikataza ujira kwa kufundisha Qur'ani, kwa kuwa ni ibada. Waliowafuatia waliruhusu. Sababu waliyoitoa ni kwamba posho walizokuwa wakipata walimu kutoka hazina ya umma zilikuwa zimekatika, na mwalimu asiye na chakula angeiacha chuo, akaenda sokoni, na elimu ikapotea. Thawabu ya kufundisha haikuwa imepungua hata chembe kati ya vizazi vile viwili. Kilichobadilika ni hali ya nyumba ya mwalimu, na wanazuoni wale waliona kwamba hilo linatosha kubadilisha hukumu.

Sura ya pili ya hoja ni ya hazina. Fedha za umma, husemwa, ni za wote, na zina mwisho. Hili nalo ni kweli, na sisi wa Omani tumeliona. Bei ya mafuta ilipoanguka kuanzia mwaka 2014, na tena mwaka 2020 wakati wa korona, watumishi wa serikali walisubiri vyeo vyao kwa miaka, na vilipokuja vilikuja kwa mafungu, kundi la mwaka huu kwanza na la mwaka ule baadaye. Sidai kwamba nchi ingeweza kugawa ilichokuwa haina. Ninachosema ni kwamba uhaba unaahirisha deni; hauwezi kulifuta, na wala hauwezi kuligeuza kuwa sadaka ya mdai. Asiye na uwezo wa kulipa leo anayo maneno yake ya haki: nakudai subira, nakiri unanidai. Atakayesema badala yake kwamba anayedai hana uzalendo amefanya makosa mawili: hakulipa, na amemvunjia heshima mdai wake.

Yaliyotokea Tanzania mwaka 2022 yanafaa kutazamwa kwa makini hapa. Mwezi Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan aliridhia nyongeza ya asilimia 23.3 kwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma, na kima hicho kikapanda hadi shilingi 370,000. Asilimia hiyo ikasikika nchi nzima. Mishahara ya Julai ilipoingia, watumishi wengi wa ngazi za juu ya kima cha chini, wakiwamo wa afya na walimu, walikuta nyongeza yao ni ndogo mno ikilinganishwa na ile waliyoisikia, na manung'uniko yakaenea. Kwa hesabu, hapakuwa na uongo: asilimia ile ilikuwa ya wanaolipwa kidogo kuliko wote, na kuwatanguliza hao ni uadilifu. Mwaka 2025 kima hicho hicho kilipandishwa kwa asilimia 35.1, hadi shilingi 500,000. Lakini ngoma ilikuwa imelia kwa wote, na pilau ikaandaliwa kwa baadhi. Naona hasira ile haikuwa ya tumbo peke yake. Ilikuwa ya mtu aliyeachwa afurahi hadharani kwa kitu ambacho waliojua walijua si chake.

Nyongeza, basi, husema mambo mawili kwa pamoja. Kwanza husema kiasi, na hapo hesabu ni rahisi: ikiwa bei za sokoni zimepanda kwa 5 katika 100 na mshahara kwa 2, mshahara umeshuka, hata karatasi iite vyovyote. Pili husema cheo cha mtu katika fikra za wanaomlipa. Uingereza mwaka 2020 watu walisimama milangoni kila Alhamisi saa 2 usiku, kwa wiki kumi, wakiwapigia makofi wahudumu wa afya. Machi 2021 serikali ya huko ikapendekeza nyongeza ya asilimia 1 kwa wauguzi. Baadaye ikawa 3, lakini ile 1 ndiyo iliyobaki kwenye kumbukumbu. Desemba 2022 chama cha wauguzi cha huko, chenye umri wa zaidi ya miaka 100, kiligoma kwa ukubwa ambao hakikuwahi kuufikia. Ndugu zetu wengi wamo katika wodi za London, Leicester na Birmingham, na wanajua kuliko sisi jinsi makofi yanavyosikika baada ya kusoma karatasi ya mshahara. Makofi hayakuwa ya uongo. Ila yalitumika, kama ilivyotumika thawabu barazani kwetu, kujaza pengo ambalo hayakuumbwa kulijaza.

Sura ya tatu ni nzito kuliko zote, na siwezi kuipita kwa wepesi. Ni ya mgonjwa. Mhudumu wa afya akidai kwa nguvu, anayeumia si waziri wala mkurugenzi. Ni mzee kama ami, mwenye jeraha. Kenya ilipata mtihani huu. Madaktari wa hospitali za umma waligoma kuanzia tarehe 5 Desemba 2016 hadi tarehe 14 Machi 2017, siku 100, wakidai utekelezaji wa makubaliano yaliyotiwa saini mwaka 2013. Viongozi wa chama chao walitiwa gerezani Februari kwa kudharau amri ya mahakama. Katika siku hizo 100 mwenye fedha alikwenda hospitali binafsi, na maskini alibaki kwenye lango lililofungwa. Mwaka 2024 wakagoma tena, siku 56, na miongoni mwa yaliyobishaniwa ni malipo ya madaktari wa mafunzo kazini: serikali ikisema shilingi 70,000 kwa mwezi, makubaliano yakisema 206,400. Anayesema kwamba migomo hiyo haikuumiza mtu hasemi kweli. Na mwenye kuitetea haki ya daktari hana budi kumtazama usoni yule aliyerudishwa langoni.

Basi wengi hufika hapa na kufunga mjadala: kazi hii ni ya uhai, kwa hiyo wasigome. Sheria nyingi husema hivyo au karibu na hivyo. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inazihesabu huduma za afya kuwa miongoni mwa huduma muhimu, ambazo mgomo ndani yake umewekewa kizuizi. Kwetu Omani vyama vya wafanyakazi viliruhusiwa tangu mwaka 2006 katika kampuni. Mtumishi wa serikali hana. Mimi niko tayari kukubali kwamba muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi asiache kitanda. Lakini nauliza: tumekubali nini hasa tulipokubali hilo? Tumemwambia kwamba kazi yake ni ya thamani kiasi cha kwamba haiwezi kusimama hata siku moja. Kisha, kwa sababu hiyo hiyo, tumemnyang'anya chombo ambacho wafanyakazi wengine wengi wanacho. Anayemnyang'anya mtu silaha yake amechukua dhamana ya kumlinda. Shirika la Kazi Duniani limeshikilia msimamo huu kwa miaka mingi: palipozuiwa mgomo kwa ajili ya uhai wa watu, pawepo badala yake upatanishi na uamuzi usiopendelea, wa haraka, unaozifunga pande zote mbili. Bila ya hayo, katazo la mgomo linakuwa punguzo la bei. Tunapata kazi muhimu kuliko zote kwa gharama nafuu, kwa sababu anayeifanya hana namna ya kusema hapana.

Hapa ndipo ninapouona utaratibu wa falaji. Wasomaji waliofika Nizwa wameiona Falaji Daris. Waliofika upande wa Suri pengine wameiona Al-Jeela. Zote mbili ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Maji yake hugawiwa kwa wakati, na kipimo maarufu, athari, ni karibu nusu saa. Wazee waliozijenga taratibu hizi waliamini, kama tunavyoamini, kwamba maji ni neema ya Mola na kwamba kumnywesha mwenye kiu ni katika thawabu kubwa. Hata hivyo hawakuiacha falaji itegemee thawabu. Katika mgao wa maji walitenga mafungu ya falaji yenyewe, yakanadiwa, na fedha zake zikatumika kuzibua mfereji na kuwalipa mafundi. Wachimbaji mashuhuri wa kabila la Awamir walishuka ardhini, mahali ambapo udongo unaweza kumzika mtu akiwa hai, na walishuka kwa ujira. Mwenye shamba hakupewa nafasi ya kusubiri mpaka moyo wake umtume. Fungu la kuihifadhi falaji lilikuwa ndani ya mgao.

Naona humo somo ambalo halihitaji nadharia ngeni. Kinachohuisha mji kinatengewa sehemu yake ndani ya hesabu, na hakiachwi kusubiri masazo. Ukikiacha mpaka kila mwenye haja akidhi haja yake, basi mwaka wa neema utakilipa kwa sifa na mwaka wa dhiki utakinyima kwa udhuru.

Lipo jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa aibu kidogo. Tunapozungumzia manung'uniko ya wahudumu wa afya barazani, tunawazungumzia mabinti zetu. Muuguzi wa Kerala aliyeko Nizwa au Suri, ambaye amewahudumia wazee wetu miaka 20, huwa hatajwi. Kwake yeye husemwa tu kwamba alitia saini mkataba. Lakini hoja niliyoijenga haina utaifa. Ikiwa thawabu ya binti yetu si mali ya mwajiri, ya huyu pia si mali yake. Na ikiwa uhitaji wa binti yetu usitumiwe kumpunja, umbali wa huyu na kwao usitumiwe pia. Kadhia ya haki inayosimama kwenye mlango wa ukoo haijawa ya haki bado.

Narudi kwenye mguu wa ami. Binti yule alipokuwa akimfunga bendeji alikuwa akitoa, na aliyekuwa akipokea ni babu yake. Hakudai kitu, na angelipwa angekasirika. Utoaji ule ulikuwa wake kwa sababu angeweza kutokuja, akaja. Hospitali inapomtaka afanye zamu ya ziada kwa jina la moyo wake, haimpi nafasi hiyo. Inachukua kwa amri kitu ambacho uzuri wake wote ulikuwa katika hiari. Kwa hiyo anayemlipa pungufu kwa kutaja thawabu anampunja mara mbili, maana anamzuilia fedha na pia anamharibia sadaka. Mtu aliyelipwa haki yake ndiye anayeweza, mwisho wa zamu, kukaa dakika kumi zaidi na mgonjwa anayeogopa, na dakika hizo zikawa zake kweli.

Siku hizi Ijumaa haji. Yuko Maskati, anajiandaa kwa mtihani wa lugha unaotakiwa na nchi za ng'ambo kwa wauguzi wa kigeni. Hajatuambia kuwa ameamua, nasi hatujamuuliza. Kabla ya kwenda alinifundisha kusafisha jeraha: maji ya chumvi, kutoka katikati kwenda nje, pamba isirudi mahali ilipopita. Mkono wangu ni mzito, na ami hunivumilia. Ijumaa iliyopita aliniambia kwamba nitapata thawabu, nami naamini nitapata. Halafu akautazama mguu wake kwa muda mrefu, akaniuliza: "Ile nyongeza yake ilikuwa kiasi gani hasa?" Nikamtajia. Hakusema kitu. Jeraha, tangu nianze kulifunga mimi, halijapungua.